Vijana wa Vita Katika Kambi za Afrika ya Mashariki

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, akiisha kuvuka daraja la Mtwapa na kuipita Kikambala, hufika katika nchi ya Vipingo na Kuruwitu. Upande wake wa kushoto yapo mashamba ya mkonge, mistari iliyonyoka kama wimbi la askari gwarideni. Upande wa kulia ipo minazi, na nyuma ya minazi bahari, na mwamba unaoyavunja mawimbi kabla hayajafika ufukoni. Pwani hii ni tulivu, na kwa sababu hiyo makanisa yamezoea kuwaleta vijana wao huku wakati wa likizo. Huko Kanamai, upande wa Kikambala, Baraza la Taifa la Makanisa ya Kenya lina kituo chake. Vijana hukaa siku kadhaa wakisoma Biblia, wakiimba, wakicheza mpira mchangani na kuoga baharini, kisha hurudi makwao.

Kambi ya namna hiyo ni jambo jema, na wazazi wengi wameona faida yake. Lakini lipo jambo moja ambalo kijana wa kambini halifikirii hata kidogo, kwa kuwa ni la hakika mno: anajua siku atakayorudi, na anajua mlango atakaobisha hodi. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari za vijana wengine wa Kikristo waliokaa kambini katika Afrika ya Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wao pia walikuwa na umri wa miaka 13, 14 na 15. Wao pia waliimba, wakasali, wakawasha moto wa kambi na kucheza. Bali siku ya kurudi hawakuijua, na mlango wa kubisha haukuwapo tena. Nao wengi wao waliletwa na merikebu zilizopita katika bahari hii hii.

NJIA NDEFU YA KUFIKA PWANI

Vijana hao walikuwa Wapolandi. Tarehe 1 Septemba 1939 majeshi ya Ujerumani yaliingia Polandi kutoka magharibi, na tarehe 17 mwezi uo huo majeshi ya Urusi ya Kisovieti yakaingia kutoka mashariki. Nchi ikagawanywa kama mkate. Katika upande uliotwaliwa na Warusi, askari walianza mwezi wa Februari 1940 kuwatoa watu majumbani mwao. Baridi ilikuwa kali. Watu walipewa muda mfupi wa kufunga mizigo, wakapakiwa katika mabehewa ya ng'ombe, wakapelekwa Siberia, kaskazini mwa Urusi na Kazakhstan. Jambo hili lilirudiwa mara nne hata Juni 1941, na waliochukuliwa walikuwa mamia ya maelfu. Huko walikata miti na kulima kwa posho ndogo ya mkate. Wazee na watoto wachanga walikufa kwanza.

Juni 1941 Ujerumani ikaishambulia Urusi yenyewe, na mambo yakageuka. Mwezi wa Julai mwaka huo Warusi walipatana na Serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London, wakakubali kuwafungua Wapolandi na kuwaacha waunde jeshi chini ya Jenerali Władysław Anders. Habari ziliposikika, watu wakaanza safari ya kusini, wengine kwa gari la moshi, wengine kwa miguu, kuelekea mahali jeshi lilipokusanyika. Katika mwaka wa 1942 zaidi ya watu 100,000, askari na raia, wakavushwa Bahari ya Kaspi hata bandari ya Pahlavi katika Uajemi. Raia wengi walikuwa wanawake na watoto. Watoto wengi walikuwa yatima, au walikuwa wametengana na wazazi wao njiani wasijue kama wangali hai.

Uajemi haikuweza kuwalisha wote kwa muda mrefu. Basi Waingereza wakatafuta mahali pa kuwaweka mpaka vita viishe. Wengine walikaribishwa Bara Hindi, wengine Meksiko, na watoto 733 walipelekwa New Zealand mwaka wa 1944. Lakini watu wapatao 18,000 waliletwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Kuanzia mwaka wa 1942 merikebu zilivuka Bahari ya Hindi na kutia nanga Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Beira.

Wazee wa pwani hawakuhitaji kuambiwa ya kuwa bahari ile ilikuwa ya hatari. Mwezi wa Oktoba 1940 ndege za Kitaliani ziliipiga Malindi mabomu. Mwaka wa 1942 manowari za Kiingereza zilihamia Kilindini kwa kuwahofia Wajapani. Na tarehe 12 Februari 1944 meli *Khedive Ismail*, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, na zaidi ya 600 kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki. Hivyo katika maji yale yale watoto wa watu wengine walikuwa wakija kutafuta salama, na vijana wa nchi hii walikuwa wakienda vitani. Wengi wa vijana hao wa kwetu walifika Burma na kupigana katika bonde la Kabaw mwaka wa 1944.

KIJIJI CHINI YA MLIMA MERU

Katika Kenya kulikuwa na kambi za Wapolandi Makindu, Rongai, Nairobi, na Nyali ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Uganda ilikuwa na mbili kubwa, Koja kando ya Ziwa Viktoria, na Nyabyeya karibu na Masindi. Tanganyika ilikuwa na Ifunda, Kidugala, Kondoa, Morogoro, na Tengeru iliyozipita zote kwa ukubwa. Tengeru ipo maili chache kutoka Arusha, karibu na ziwa dogo la Duluti, chini ya Mlima Meru. Wapolandi wapatao 5,000 waliishi pale.

Nyumba zilikuwa za msonge, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, paa la nyasi. Ndani mlikuwa na vitanda vyenye vyandarua, meza na viti. Mafundi na vibarua wa Kiafrika ndio waliozijenga. Kwa Mwafrika nyumba ya msonge si ajabu. Kwa binti aliyezaliwa katika nchi ya theluji lilikuwa jambo geni kabisa kulala chini ya nyasi na kusikia fisi akilia usiku. Lakini tukumbuke alikotoka. Mtoto aliyelala katika behewa la ng'ombe, akala mkate wa kupimwa kwa gramu, aliona kitanda chake mwenyewe na ndizi za kushiba kuwa ni neema.

Wanaume wazima walikuwa wachache, maana baba na kaka walikuwa jeshini. Mwezi wa Mei 1944 Wapolandi wa Jenerali Anders walipigana Monte Cassino katika Italia na kuuteka mlima ule kwa hasara kubwa. Barua ilipofika Tengeru, haikuwa barua ya mtu mmoja. Nyumba yote ilingoja kuona uso wa yule aisomaye.

SHULE, SKAUTI NA SALA

Wakubwa wa kambi walitambua mapema ya kwamba chakula na kitanda havitoshi kumlea kijana. Kijana wa miaka 14 aliyeona maiti njiani, akajifunza kuiba mkate ili ndugu yake mdogo asife, hawezi kuachwa akae kitako siku nzima akiyafikiri yaliyopita. Basi shule zikafunguliwa upesi: za watoto wadogo, za msingi, za sekondari na za ufundi. Vitabu vilikuwa haba. Vingine vilipigwa chapa Jerusalem na Wapolandi waliokuwa huko, vikaletwa mpaka Afrika. Palipokosekana kitabu, mwalimu alifundisha kwa kichwa na watoto wakaandika. Wengi walikuwa wamepoteza miaka miwili au mitatu ya masomo, na kijana wa miaka 15 aliweza kukaa darasa moja na mtoto wa miaka 11. Ilikuwa aibu, lakini ilikuwa aibu yenye faida.

Pamoja na shule ulikuwapo uskauti. Wasomaji wetu wajua ya kwamba mwanzilishi wa uskauti, Baden-Powell, alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa huko. Hivyo vijana wale walifika katika nchi iliyolilaza kaburi la mtu ambaye walikuwa wakiifuata kanuni yake tangu kwao. Wavulana na wasichana walikuwa na vikosi vyao. Walijifunza kufunga mafundo, kuganga majeraha, kusoma ramani na kupika nje. Walitembea milimani, wakalala kambini, na usiku waliketi kuuzunguka moto wakiimba nyimbo za kwao. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kila mmoja alipewa kazi na mwenziwe wa kumwangalia. Mtoto ambaye jana alikuwa akiangaliwa tu kama mzigo wa kusafirishwa, leo alikuwa kiongozi wa wadogo zake sita, akitakiwa kuhakikisha wameoga, wamekula na wamelala chini ya chandarua.

Na palikuwa na sala. Wapolandi wengi walikuwa Wakatoliki, ingawa katika Tengeru waliishi pia Waorthodoksi na Wayahudi. Kila kambi kubwa ilikuwa na kanisa na padre wake. Huko Nyabyeya wakimbizi wenyewe walijenga kanisa la kudumu kati ya mwaka wa 1943 na 1945, na kanisa hilo lingali limesimama na kutumiwa na Waafrika wa sehemu zile. Inafaa kulifikiri jambo hili. Watu ambao hawakujua kama watakaa miezi sita au miaka sita, wakakubali kujenga nyumba ya Mungu kwa namna ya watu wasiokusudia kuondoka.

Desturi moja yao hasa inaeleza hali ya vijana hao. Usiku wa kuamkia Krismasi, Mpolandi hungoja nyota ya kwanza ionekane ndipo aketi mezani. Watu humegeana mkate mwembamba na kutakiana heri, na mezani huwekwa sahani moja zaidi mbele ya kiti kitupu, kwa ajili ya mgeni ambaye huenda akabisha hodi. Katika Polandi ilikuwa desturi tu, na mara nyingi kiti kilibaki kitupu mpaka asubuhi. Kwa kijana wa Tengeru, asiyejua baba yake alipo, kiti kile kilikuwa na mwenyewe.

WENYEJI NA WAGENI

Ingekuwa si haki kusimulia habari hizi bila kuwataja wenyeji. Waafrika walikuwa wapishi, walinzi, vibarua na wachukuzi katika kambi hizo, nao waliwauzia Wapolandi ndizi, mayai na mboga. Wapolandi wengine walijifunza Kiswahili cha kutosha kununua na kusalimu. Wenyeji nao walishangaa. Walikuwa wamezoea kumwona Mzungu kuwa ni afisa, mwenye shamba au mmisionari. Sasa waliona Wazungu wasio na kitu, wajane na yatima, wakilima bustani na kushona nguo zao kwa mikono yao.

Serikali za kikoloni hazikupendezwa sana na jambo hilo. Ziliona Mzungu maskini akifanya kazi ya mikono mbele ya Mwafrika ni kuitia doa heshima ya utawala, na kwa hiyo ziliwawekea wakimbizi mipaka ya kutoka kambini na ya kushirikiana na wenyeji. Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wapolandi walikuwa tayari kulishika jembe, na wenyeji wangalicheka na kuwakaribisha. Waliozuia ni wale waliokuwa juu ya wote wawili.

Tena vijana wa Kiafrika wa miaka ile hawakuwa na raha. Wajapani walipoziteka nchi za mkonge za Mashariki ya Mbali mwaka wa 1942, mkonge wa Afrika ya Mashariki ukatakiwa sana kwa kamba za vita, na watu walilazimishwa kwenda kuukata mashambani. Mwaka wa 1943 kulikuwa na njaa katika sehemu nyingi za Kenya na Tanganyika. Na Wameru, majirani wa Tengeru, walipatwa na msiba wao baada ya vita: mwaka wa 1951 maelfu yao walifukuzwa Ngare Nanyuki ili nchi yao wapewe walowezi, hata mwaka wa 1952 Bwana Kirilo Japhet akaenda kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Waliowakaribisha wakimbizi wakawa wakimbizi wenyewe, karibu na mlima ule ule.

VITA VIMEKWISHA, NYUMBANI NI WAPI?

Vita viliisha Ulaya mwezi wa Mei 1945. Mtu angedhani kambini walipiga vigelegele. Lakini mwezi wa Februari mwaka huo, katika mkutano wa Yalta, wakuu wa Uingereza, Marekani na Urusi walikubaliana kwamba mashariki ya Polandi iwe ya Urusi. Huko ndiko walikotoka wengi wa watu wa Tengeru. Mwezi wa Julai Uingereza ikaacha kuitambua Serikali ya Polandi iliyokuwa London, ikaitambua ile ya Warsaw iliyokuwa chini ya kivuli cha Warusi. Kijana aliyeahidiwa miaka mitatu kwamba siku moja atarudi nyumbani akaambiwa kwamba nyumba yake sasa imo katika nchi ya wale wale waliomtoa ndani yake usiku.

Wengine walirudi Polandi hata hivyo, kwa kuwa ndugu zao walikuwa huko. Wengi zaidi, wenye baba au kaka katika jeshi la Anders, waliwafuata Uingereza, na kutoka hapo wengine wakaenda Kanada na Australia. Jambo gumu kuliko yote lilikuwa la yatima. Nani amwamulie mtoto asiye na mzazi? Serikali ya Warsaw ilisema ni watoto wa Polandi, warudishwe. Mapadre na walezi walisema watoto wenyewe hawataki. Wakubwa wa shirika la kimataifa la wakimbizi walitakiwa wapime neno la kijana wa miaka 15 na neno la serikali.

Mwaka wa 1949 zaidi ya yatima mia moja wa Tengeru waliondoka Afrika pamoja na padre wao, Mfransisko Lucjan Królikowski, ambaye naye aliwahi kufungwa Siberia. Walipitia Italia na Ujerumani, na mwezi wa Septemba wakafika Kanada, ambako Askofu Mkuu wa Montreal, Joseph Charbonneau, alikubali kuwapokea. Warsaw ikalalamika kwa sauti kubwa kwamba watoto wameibwa. Lakini vijana hawakurudishwa; walikaa, wakasoma, wakaoa na kuolewa huko. Padre Królikowski alifariki mwaka wa 2019, akiwa ametimiza miaka 100.

Kambi ya Tengeru ikafungwa, na mahali pale pakawa pa mafunzo ya kilimo na mifugo. Kilichobaki ni makaburi yapatayo 150, yanayotunzwa hata leo. Katika Koja na Nyabyeya pia yapo. Baadhi yake ni mafupi, kwa kuwa waliozikwa walikuwa watoto.

FUNZO KWA SIKU ZETU

Kwa nini tuyarudie mambo haya? Kwa sababu Afrika ya Mashariki haijaacha kuwa nchi ya kambi. Nakivale katika Uganda ilianza kupokea wakimbizi wa Rwanda yapata mwaka wa 1959. Dadaab katika Kenya ilifunguliwa mwaka wa 1991, Kakuma mwaka wa 1992, na Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma mwaka wa 1996. Humo wamo vijana waliozaliwa kambini, wakakulia kambini, nao hawajui mlango wa kwao una rangi gani.

Habari za Tengeru zatufundisha mambo mawili. La kwanza, mtoto aliyeponea vitani haponi kwa unga peke yake. Mpe kitabu, hata kikiwa kimenakiliwa kwa mkono. Mpe kikosi, wimbo na sala. Mpe wadogo wa kuwaangalia, naye atasimama. Walimu na mapadre wa Tengeru hawakuwa na fedha, lakini walikuwa na ratiba, na ratiba ilimwambia kijana kila asubuhi ya kuwa kesho ipo.

La pili, kambi njema hata kama ina kanisa, shule na moto wa jioni, haiwezi kuwa nyumbani. Mwisho wake mtu mkubwa lazima aketi na kijana, amwulize anataka kwenda wapi, kisha asikilize jibu lake. Yatima wa Tengeru walingoja miaka saba kuulizwa swali hilo. Wapo katika Dadaab waliongoja zaidi ya thelathini.

Basi mzazi wa Kilifi au wa Mombasa anayemfungia mwanawe sanduku la kwenda kambi ya likizo, na amtakie safari njema. Na kijana mwenyewe, akiketi jioni pwani ya Kuruwitu na wenzake wakiimba, hatakosea kitu akiwaombea vijana waliopita baharini pale mwaka wa 1942, na wale ambao usiku huu wamo kambini bila tarehe ya kurudi.